DSP bila kukariri: jifunze kwa mlio wa mbu wa Katindiuka

Wadogo zangu wa Katindiuka, Ifakara, walioko vyuoni huniuliza swali moja kila likizo: hili somo la DSP linasomwaje mpaka mtu avuke bila sapu? Nami nililipitia nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa elektroniki. Jibu langu ni fupi: usianzie kwenye fomula, anzia kwenye sauti unayoijua. Na sisi wa bonde la Kilombero kuna sauti moja tunaijua vizuri mno. Mlio wa mbu.

DSP NI KITU GANI?

Ni uchakataji wa ishara kwa njia ya kidijitali. Ishara ni kitu chochote kinachobadilika na kubeba habari: sauti, mapigo ya moyo, kina cha mto Kilombero wakati wa masika. Kompyuta haijui sauti, inajua namba tu. Kwa hiyo tunaanza kwa kugeuza sauti kuwa mfululizo wa namba, yaani sampuli, halafu tunazipigia hesabu ili tupate tunachotaka: kuchuja kelele, kupunguza ukubwa wa faili, kutambua nani anaongea.

Mfumo wa simu wa kidijitali uliozoeleka huchukua sampuli 8,000 za sauti kila sekunde, kila moja ikiandikwa kwa biti 8. Zidisha: biti 64,000 kwa sekunde. CD ya muziki huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde.

KWA NINI 8,000?

Hapa ndipo wengi wanakimbilia desa. Kanuni inasema: idadi ya sampuli kwa sekunde lazima izidi mara mbili ya frikwensi ya juu kabisa iliyomo kwenye ishara. Msingi wake uliwekwa na Harry Nyquist mwaka 1928 akishughulika na telegrafu, na Claude Shannon akachapisha uthibitisho wake mwaka 1949. Simu hiyo hubeba sauti mpaka kama 3,400 Hz. Mara mbili yake ni 6,800. Kwa hiyo 8,000 inatosha na chenji inabaki.

Ukiivunja kanuni hii inakuwaje? Rudi kwa mbu. Mlio wake unatokana na mbawa, na Hz ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Majike wa Anopheles, wale wanaoeneza malaria, kwa kawaida hupiga mbawa mara mia kadhaa kwa sekunde. Madume hupiga kwa kasi zaidi, na madume hawaumi mtu. Tuseme jike yuko 400 Hz na dume yuko 600 Hz, nawe umechukua sampuli 1,000 tu kwa sekunde. Kikomo chako ni 500. Dume wa 600 atajikunja na kutokea kwenye 1,000 kutoa 600, yaani 400! Kwenye kompyuta, dume asiye na hatia amekuwa jike.

Na ikishatokea hivyo, hakuna programu ya kuwatenganisha. Ni kama wali ulioiva na mawe ndani. Mawe huchaguliwa kwenye ungo, kabla mchele haujaingia chunguni. Ndiyo maana chujio la kukata frikwensi za juu hukaa kabla ya kuchukua sampuli, si baada. Ukielewa mfano huu, swali hilo la mtihani hulikosi tena.

FOURIER NI NANI KATIKA HAYA?

Joseph Fourier alikuwa Mfaransa aliyechunguza jinsi joto linavyosafiri, akatoa kitabu chake mwaka 1822. Wazo lake: umbo la wimbi, hata liwe na vurugu kiasi gani, laweza kuvunjwa kuwa mawimbi laini yaliyojumlishwa. Mbu akilia kwa 400 Hz, ukivunja mlio wake utakuta 400, na pia 800 na 1,200, maana mbawa hazitoi wimbi laini.

Kuvunja huko kwa njia ya kawaida ni kazi nzito. Kwa sampuli 1,024 unahitaji kuzidisha mara 1,048,576. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato, inayojulikana kama FFT, na kwa sampuli hizo hizo kuzidisha kunashuka mpaka mara 5,120. Bila mkato kama huo, simu ndogo ingepata tabu sana kuchambua sauti papo kwa papo.

Lakini hakuna cha bure. Sampuli 1,024 kwa kasi ya 8,000 ni sekunde 0.128, na hapo unatofautisha frikwensi kwa hatua za karibu 8 Hz. Ukitaka hatua ndogo zaidi, sikiliza muda mrefu zaidi. Sasa mbu akipita karibu na simu kwa nusu sekunde tu, utachagua lipi? Hilo ndilo swali la kihandisi lenyewe.

HAYA SI MAMBO YA DARASANI TU

Hapa Ifakara watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford katika mradi wa HumBug, uliotumia simu za bei nafuu zilizowekwa juu ya chandarua kurekodi mbu wanaomfuata mtu aliyelala. Mwaka 2021 mradi ulitoa hazina ya wazi yenye saa zipatazo 20 za milio ya mbu, sehemu yake ikiwa imerekodiwa Tanzania. Yeyote anaweza kuipakua.

Faida yake ni kubwa kwetu. Anopheles funestus hupenda damu ya watu na kuuma ndani ya nyumba, wakati Anopheles arabiensis huuma pia mifugo, na mara nyingi nje. Ukijua yupi yuko wapi na saa ngapi, unajua pa kupambana naye. Ila tusidanganyane: milio ya aina mbalimbali hupishana, na joto la hewa na ukubwa wa mwili huibadilisha. Mlio peke yake hautoshi, maabara bado inahitajika.

ANZIA HAPA

1. Pata Audacity, programu ya bure. Rekodi filimbi yako ya mdomo, kisha itazame kwenye mchoro wa frikwensi.

2. Rekodi mbu aliye ndani ya kikombe kilichofunikwa neti. Usijifanye chambo, malaria haina utani. Hifadhi kwa WAV, kwa sababu faili nyingi zilizobanwa hutupa sehemu ya sauti.

3. Tengeneza chujio linalopitisha 200 mpaka 1,500 Hz. Nyenje wengi hulia juu ya 2,000 Hz, watapungua sana. Vyura wengine watabaki.

4. Andika kwa mkono hesabu ya kuvunja sampuli 8 tu, kisha hakikisha kwa GNU Octave, nayo ni ya bure.

5. Baada ya hapo ndipo ufungue kitabu upige msuli. Fomula zitakuwa na sura.

Neno la mwisho. Kompyuta haijui kwamba ule mngurumo ni mashine ya kukoboa mpunga, au kwamba ile kelele ni mvua juu ya bati. Lazima awepo mtu wa kuiambia, na aliyekulia hapa anazijua sauti hizo tangu utotoni. Tukiliogopa somo hili kwa sababu wengi wamedisko, mbu wetu watasikilizwa na wengine, nasi tutabaki kuumwa.

Naomba kuwasilisha. Waliokwama kwenye z na wenzake, semeni hapo chini tusaidiane.