Fahamu: Kwa nini wiski ya kiwanda kilichofungwa inauzwa mamilioni

Watu wa Ngara na Biharamulo wanajua rubisi haisubiri. Ikishaiva, siku chache tu inachachuka na hainyweki tena. Wiski inakaa. Kilevi chake ni asilimia 40 au zaidi, hivyo chupa iliyofungwa vizuri hudumu miaka mingi. Ndio maana kuna watu wanazikusanya, na zinazosakwa zaidi ni za viwanda vilivyofungwa.

Single malt ni nini?

Ukiona maneno hayo kwenye lebo, ujue wiski hiyo imetoka kiwanda kimoja na imepikwa kwa kimea. Kagera wanatia mtama kwenye juisi ya ndizi. Waskoti wanatumia shayiri iliyochipuzwa. Baada ya hapo inakaa kwenye mapipa ya mwaloni, kwao sio chini ya miaka 3.

Viwanda vyenyewe

• Port Ellen, Scotland: kilifungwa 1983, kikafunguliwa tena 2024.
• Brora, Scotland: kilifungwa 1983, kikarudi 2021.
• Rosebank, Scotland: kilifungwa 1993, nacho kimeshafufuliwa.
• Karuizawa, Japani: kilisimamisha uzalishaji karibu mwaka 2000.

Miaka ya 1980 maghala ya Scotland yalijaa wiski huku wanunuzi wakipungua, wenye viwanda wakaamua kufunga.

Bei ikoje?

Machi 2020, kwenye mnada wa Sotheby's jijini London, chupa moja ya Karuizawa ya mwaka 1960 iliuzwa pauni 363,000. Zilijazwa chupa 41 tu. Kila moja inayofunguliwa, zilizobaki zinapungua, na hata kiwanda kikifufuliwa hakiwezi kutengeneza tena wiski ya mwaka 1960.

Usiingizwe mjini

Wiski haizeeki ndani ya chupa. Ya miaka 12 ikikaa kabatini miaka 20, bado ni ya miaka 12. Kwa hiyo mtu akikuuzia "ya zamani", muulize ni ya kiwanda gani.

Matapeli pia hununua chupa tupu za majina makubwa na kuzijaza pombe rahisi. Kagua kizibo, lebo na kimo cha wiski kabla ya kutoa hela.

Na kama nyumbani kuna chupa ya siku nyingi, isimamishe, usiilaze, maana kilevi kinaharibu kizibo. Kisha soma jina la kiwanda kabla hujaifungua.