Nukta Nyekundu: Asili ya Istilahi Moja

Istilahi nyingi huzaliwa kazini kabla ya kuingia katika kamusi. Mwaka 1975, kwenye majabali ya chokaa ya Frankenjura, Ujerumani, Kurt Albert alianza kupaka nukta nyekundu chini ya kila njia aliyokwisha kuipanda kwa mikono na miguu yake tu. Kamba na vyuma vilikuwa vya kumdaka akianguka, si vya kumvuta wala kumpumzisha. Kutokana na alama hiyo Wajerumani wakapata istilahi "rotpunkt". Kiitaliano kikaipokea ilivyo, Kiingereza kikaitafsiri.

Uzito wa sharti hilo ulidhihirika huko huko mwaka 1991, Wolfgang Güllich alipoipanda Action Directe, njia ya mita 15 hivi ambayo jabali lake humwinamia mpandaji. Katika njia fupi na kali namna hiyo, kuning'inia kwenye kamba mara moja tu hubatilisha kazi yote.

Basi tukisema "nukta nyekundu" pasipo maelezo, tutakuwa tumetafsiri rangi na kuiacha maana. Wala "kupanda bila kamba" hakufai, kwani kamba ipo. Twapendekeza "upandaji usioegemea kamba".