Umeme wa trela la kambi: taa ya kijani isikudanganye

Najua wengi wenu huwa mnapita hapa kutafuta habari za mjini, lakini leo naomba niweke kitu cha kukaa nacho na kukitunza. Wadau wawili watatu wameniuliza namna ya kuendesha friji, taa na kuchaji simu kwenye trela la kupiga kambi, kule ambako nguzo ya TANESCO haijafika na haitafika. Niseme mapema kwamba mimi si injinia. Nimemaliza fomu foo, na fizikia yangu ilikuwa ya kuungaunga. Ninachokijua nimekipata kibaruani, na sehemu yake nimeilipia mwenyewe. Naanza na hiyo sehemu.

KISA CHENYEWE

Julai 2023 nilipata kibarua cha msaidizi wa mpishi, safari ya siku 4 kutoka Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti. Wageni walikuwa familia moja ya Dar, wamekuja na bibi yao ambaye ana kisukari. Land Cruiser ilikuwa inavuta trela lenye mahema, jiko la gesi, friji ndogo ya volti 12, betri moja ya ampea-saa 100 na paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa.

Bosi akanikabidhi umeme: "Dogo, wewe si kijana wa kompyuta? Hiyo betri ni yako." Bibi naye akanikabidhi chupa 3 za insulini ambazo zilikuwa hazijafunguliwa. "Mjukuu wangu, hizi zisipate joto, na zisigande pia." Nikamwambia asijali.

Jioni ya siku ya pili tukafika Seronera. Injini ikiwa bado inanguruma nikaweka mita kwenye betri ya trela, ikasoma volti 13.1. Kwenye kontrola taa ya kijani inawaka. Bosi akauliza, "Betri ikoje?" Nikajibu, "Fulu, bosi."

Saa 10 usiku nikaamka kuchemsha maji ya chai. Friji kimya! Nikapima tena: volti 11.6. Friji ilikuwa imejizima yenyewe, maana friji za aina hii zina kinga inayokata umeme betri ikishuka sana. Kilichotuokoa ni baridi ya Julai, pamoja na watu wa hoteli moja ya jirani waliokubali kulaza dawa za bibi kwenye friji yao. Mimi nilikatwa posho ya siku 2, na ilikuwa haki yangu. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, ungesema hujui."

Hilo neno ndilo lililonifanya nijifunze. Haya sasa, twende hatua kwa hatua.

1. HESABU KWANZA, VIFAA BAADAYE

Wote tunazijua uniti za LUKU. Uniti 1 ni wati-saa 1000, yaani kifaa cha wati 1000 kikiwaka saa 1, au cha wati 100 kikiwaka saa 10. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 unaizidisha 12 x 100, unapata wati-saa 1200. Yaani lile libetri zito la kuvunja mgongo lina uniti 1 na kidogo tu ndani yake!

Sasa angalia matumizi ya siku moja kwenye trela kama letu:

- Friji ya wati 45, ikifanya kazi nusu ya siku (inawaka na kuzima yenyewe): 540
- Taa 4 za LED za wati 5, saa 5: 100
- Simu 6, kila moja kama wati-saa 15: 90
- Kompyuta ya mapajani, chaji moja: 60
- Pampu ya maji ya wati 60, dakika 15: 15

Jumla wati-saa 805. Ukiangalia vizuri, friji peke yake imekula theluthi mbili. Watu wanakazana kugombezana kuhusu chaji ya simu wakati mlaji mkubwa amekaa kimya kwenye kona. Friji isikae juani, usiifungue kila dakika, na usiweke ndani kreti la soda lililotoka kwenye joto. Poza vitu nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku wa kuamkia safari, ndipo uvipakie.

2. NUSU YA BETRI SI YAKO

Betri ya risasi na asidi ni teknolojia ya zamani. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeitengeneza mwaka 1859, na mpaka leo ina tabia moja: ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema. Kanuni ya mafundi ni kutumia nusu na kubakiza nusu. Kwa hiyo zile wati-saa 1200 zinabaki 600 za kutumia, na sisi tulikuwa tunahitaji 805 kwa siku. Yaani hata siku moja tulikuwa hatuimalizi! Hesabu ilitushinda kabla hatujatoka Arusha, ila hakuna aliyeipiga.

Pia betri ya gari si betri ya kambi. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha inajazwa tena. Ya sola imetengenezwa kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Dukani usisome lebo tu, inyanyue pia. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa karibu kilo 30. Ukiiona nyepesi kama begi la shule, jiulize.

3. PIMA IKIWA IMEPUMZIKA

Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Betri ikiwa inachajiwa, mita inasoma nguvu ya chaja na si akiba iliyomo ndani. Ni sawa na kupima urefu wa mtoto akiwa amesimama juu ya stuli. Ile 13.1 yangu ilikuwa ya injini. Na taa ya kijani ya kontrola zile za bei rahisi inaangalia volti za dakika hiyo hiyo, haijui lolote kuhusu usiku unaokuja.

Zima injini, zima vifaa, sola isiwe inaingiza kitu, acha betri ipumzike saa kadhaa. Alfajiri kabla jua halijatoka ndiyo muda mzuri. Halafu soma (hii ni kwa betri ya risasi ya volti 12):

- 12.7: imejaa
- 12.4: robo tatu
- 12.2: nusu, acha kutumia
- 12.0: robo, unaiumiza
- 11.8 kushuka chini: imeisha

Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha kabisa kwa kazi hii.

4. WAYA MWEMBAMBA UNAKULA CHAJI

Tuliporudi Arusha fundi mmoja mtu mzima alifungua trela, akacheka. Waya uliotoka kwenye gari kuja kwenye betri ya trela ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, ule ule wa soketi za nyumbani. Nyumbani unafaa kwa sababu umeme ni volti 230. Kwenye volti 12 kila kinachopotea kinaonekana.

Akanipigia hesabu kwenye kipande cha boksi. Kutoka betri ya gari mpaka ya trela ni mita 6, kwenda na kurudi 12. Ukipitisha ampea 20 kwenye waya wa 2.5, unapoteza volti 1.7 hivi njiani. Gari linatoa 14.2, trela linapokea 12.5, na kwa volti 12.5 betri haijai hata uendeshe mpaka Mwanza. Waya wa 16 unapoteza robo volti tu. Tangu siku hiyo nikiona trela naangalia waya kwanza, paneli baadaye.

Kitu kingine: mkifika kambini trela linabaki, gari linaondoka kwenda kuangalia wanyama. Kwa hiyo chaji ya gari ipo siku za kuhama tu. Mkikaa sehemu moja siku 3, mnategemea jua.

5. JUA LIPO, LAKINI TRELA LIKO KIVULINI

Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Kwetu siku nzuri ipige kama saa 5 za jua kamili, kisha toa kama asilimia 30 ya hasara za joto, vumbi na waya. Unabaki na wati-saa 350 hivi. Kwa matumizi ya 805 ungehitaji paneli za wati 230 au zaidi, na betri 2 badala ya 1.

Tatizo ni kwamba kila mtu akifika kambini anaegesha trela chini ya mti, na paneli iko juu ya paa! Kivuli cha tawi moja kikilala kwenye sehemu ndogo ya paneli kinaweza kushusha umeme vibaya sana, kwa sababu seli zake zimeungwa mnyororo. Dawa yake ni paneli ya kuhamisha yenye waya mnene wa mita 10: trela na friji vikae kivulini, paneli ikae juani. Ifunge vizuri na iwe na mtu wa kuitazama, nyani hawana adabu. Pangusa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji.

Kuhusu kuelekeza, huku kwetu karibu na ikweta usihangaike sana. Mwezi wa 6 na wa 7 jua la mchana linaegemea kaskazini, mwezi wa 12 kusini. Inamisha kidogo upande huo, inatosha.

6. INVETA ISIYO NA KAZI NAYO INAKULA

Inveta inageuza volti 12 kuwa 230. Shida ni kwamba hata kama hujachomeka kitu, yenyewe inakula. Ikila wati 15 usiku na mchana, ni wati-saa 360 kwa siku, zaidi ya taa, simu, kompyuta na pampu kwa pamoja! Washa ukiwa na kazi, zima ukimaliza. Simu zichaji moja kwa moja kwenye soketi ya volti 12.

Birika la umeme, pasi na mashine ya kukaushia nywele visahauni. Birika la wati 2000 kwenye volti 12 linataka zaidi ya ampea 160. Chai ni kazi ya gesi.

7. NA LITHIAMU JE?

Betri za lithiamu za siku hizi ni nzuri kweli. Ya ampea-saa 100 ina uzito chini ya nusu ya ile ya risasi, na unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi bila kuiumiza. Ila zingatia haya. Volti zake hazishuki polepole, zinakaa pale pale halafu zinaanguka ghafla, kwa hiyo jedwali la namba 3 halifai. Tafuta mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Isichajiwe ikiwa na baridi ya chini ya nyuzi 0. Na usiiunge moja kwa moja na oltaneta ya gari, inaweza kuvuta umeme mwingi mpaka oltaneta ikapata moto. Inatakiwa chaja maalumu katikati yao.

8. USALAMA

- Fyuzi iwe karibu kabisa na betri upande wa chanya. Betri ya risasi ikipigwa shoti inaweza kutoa ampea zaidi ya 1000, na waya unakuwa moto mara moja.
- Betri ya maji inatoa gesi inayowaka wakati wa kuchaji. Boksi lake liwe na matundu, liwe mbali na jiko.
- Unga betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume chake.

9. UTARATIBU WANGU WA SASA

Nina kaunta buku. Alfajiri naandika volti, jioni naandika tena pamoja na hali ya jua. Ikifika 12.2 nazima kila kitu isipokuwa friji, na namwambia bosi ukweli. Na kama kuna mgonjwa mwenye dawa za baridi, siachi betri iwe tegemeo pekee. Nauliza mapema kambi au hoteli ipi ya njiani ina friji, na nabeba kipimajoto na boksi la barafu. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na isiguse barafu maana ikiganda haifai tena. Mengine muulizeni daktari au mfamasia wenu, msiniulize mimi.

Wadau, hiyo ndiyo elimu yangu ya posho ya siku 2. Mafundi na madereva mnaopita hapa, kama nimekosea hesabu nirekebisheni kwenye maoni hapo chini, sitanuna. Na wewe kijana mwenzangu, siku bosi akikuuliza betri ikoje na hujui, sema hujui. Halafu nenda kapime.