Siku ya Shukrani (Marekani)

Siku ya Shukrani ni sikukuu ya taifa nchini Marekani, inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi Novemba, majani ya miti yakiwa yamepukutika na mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Ni siku ya jamaa kukutana, kula pamoja na kushukuru kwa neema za mwaka. Kesho yake hufunguliwa msimu wa ununuzi wa Krismasi, kwa siku ijulikanayo kama Black Friday, yaani Ijumaa Nyeusi. Dini, vita na biashara, kila kimoja kwa wakati wake, vimechangia kuipanga tarehe ya sikukuu hii.

## Asili

Simulizi ya sikukuu huanzia Plymouth, katika Massachusetts ya leo. Mwishoni mwa mwaka 1620 walifika hapo Waingereza waliosafiri kwa jahazi la Mayflower, abiria 102. Takriban nusu yao walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Walionusurika walisaidiwa na Tisquantum, mtu wa Patuxet, kijiji kilichokuwa mahali hapohapo. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza alikuwa amemteka na kumuuza utumwani Hispania. Tisquantum alifanikiwa kufika Uingereza, akajifunza Kiingereza, na aliporudi kwao mwaka 1619 alikuta kijiji chake kimeteketezwa na maradhi. Ndiye aliyewafundisha wageni kupanda mahindi kwa kutumia samaki kama mbolea.

Mwaka 1621, baada ya mavuno, Waingereza walifanya karamu ya siku tatu. Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, alihudhuria pamoja na wanaume wapatao 90, nao wakaleta paa watano. Wahusika hawakuiita karamu hiyo siku ya shukrani. Kwa walowezi hao wacha Mungu, siku ya shukrani ilikuwa siku ya ibada, kama ile waliyoitangaza mwaka 1623 mvua iliponyesha baada ya ukame mrefu. Vizazi vya baadaye ndivyo vilivyounganisha karamu na ibada kuwa kitu kimoja.

## Kuwa sikukuu ya taifa

Rais George Washington alitangaza tarehe 26 Novemba 1789 kuwa siku ya shukrani, lakini haikuwa desturi ya kila mwaka, na kila jimbo liliendelea kujiamulia. Aliyepigania sikukuu moja ya taifa zima ni Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida la wanawake, ambaye kwa miaka mingi aliandika tahariri na kuwapelekea barua magavana na marais. Mwaka 1863, nchi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitangaza Alhamisi ya mwisho ya Novemba kuwa Siku ya Shukrani.

Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na ya mwisho iliangukia tarehe 30. Wenye maduka walihofu kwamba siku za kuuza bidhaa za Krismasi zingekuwa chache mno, na uchumi ulikuwa bado haujapona kutokana na mdororo mkubwa. Rais Franklin D. Roosevelt aliirudisha sikukuu nyuma kwa wiki moja. Majimbo yakagawanyika, mengine yakifuata tarehe mpya na mengine yakishikilia ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 1941 sheria ya Bunge ilimaliza mzozo kwa kuweka Alhamisi ya nne.

## Desturi

Chakula kikuu ni bata mzinga wa kuokwa. Huandamana na viazi vya kuponda, viazi vitamu, mchuzi mzito, sosi ya kranberi na pai ya maboga. Familia za wahamiaji huongeza vyakula vya kwao. Kabla ya kula, wengi husali, au kila mmoja mezani hutaja jambo analolishukuru. Gwaride la duka la Macy's mjini New York lilianza mwaka 1924, na timu ya futiboli ya Kimarekani ya Detroit Lions ilianza kucheza siku hiyo mwaka 1934. Makanisa na mashirika ya hisani huwaandalia chakula wasio na uwezo.

## Siku ya Maombolezo

Amani ya mwaka 1621 haikudumu. Katika vita vya 1675 hadi 1676, Metacom, mwana wa Massasoit, aliuawa, na wengi wa watu wake waliuzwa utumwani. Tangu mwaka 1970 wenyeji asilia wa Amerika na wanaowaunga mkono hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo, karibu na sanamu ya Massasoit, kuwakumbuka waliopoteza uhai na ardhi. Haki ya kumbukumbu hiyo ni kubwa: shukrani ya kweli humtaja pia aliyetoa, na yaliyompata baada ya kutoa.

## Msimu wa ununuzi

Jina Black Friday lilienea Philadelphia katika miaka ya 1950 na 1960. Polisi walilitumia kwa kero ya msongamano wa wanunuzi na mashabiki waliofurika mjini kwa mechi ya Jumamosi kati ya jeshi la nchi kavu na la wanamaji. Maelezo kwamba ni siku ambayo vitabu vya hesabu hutoka kwenye hasara na kuingia kwenye faida yalikuja baadaye. Maduka hupunguza bei, na watu hupanga foleni tangu alfajiri. Mwaka 2008 mfanyakazi wa duka katika jimbo la New York alikufa kwa kukanyagwa na umati. Jumatatu ya mauzo ya intaneti iliongezwa mwaka 2005, na Jumanne ya kutoa sadaka mwaka 2012.

## Nje ya Marekani

Kanada huadhimisha sikukuu yake Jumatatu ya pili ya Oktoba, na Liberia, iliyoasisiwa kwa Wamarekani Weusi kuhamia huko, Alhamisi ya kwanza ya Novemba. Punguzo la bei limevuka mipaka bila sikukuu yenyewe. Nchini Kenya, maduka ya mtandaoni kama Jumia hutangaza ofa za Black Friday mwezi Novemba, ingawa Alhamisi inayotangulia ni siku ya kazi kama nyingine. Katika nchi za Ghuba, duka la mtandaoni la Souq lilianzisha mwaka 2014 mauzo hayohayo kwa jina la Ijumaa Nyeupe, kwa kuwa kwa Waislamu Ijumaa ni siku tukufu isiyostahili kuitwa nyeusi.