Ijumaa Kuu: Tusikimbilie Jumapili



Kila mwaka Pasaka inapokaribia, swali moja hurudi katika makanisa yetu: sisi Wapentekoste tuna kazi gani na Ijumaa Kuu? Wengine husema hiyo ni siku ya Wakatoliki. Wengine husema Yesu amekwisha kufufuka, basi kwa nini tukae tena katika huzuni? Ni maswali ya haki, na historia ya kanisa inatusaidia kuyajibu.

Tuanze na Neno. Injili ya Marko, sura ya 15, inatupa hata saa zenyewe. Saa tatu walimsulubisha. Saa sita giza likaifunika nchi. Saa tisa Yesu akalia kwa sauti kuu, akakata roho. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili hatuna haja ya kugeuza saa hizo: saa sita ya Marko ndiyo saa sita yetu, jua likiwa juu ya kichwa.

Wakristo wa kwanza walizishika siku hizo. Karibu mwaka 190, Ireneo, askofu wa Lyon katika nchi inayoitwa leo Ufaransa, alimwandikia Victor, askofu wa Roma, juu ya mfungo wa kabla ya Pasaka. Alimweleza kwamba wengine hufunga siku moja, wengine siku mbili, wengine saa arobaini. Desturi zilitofautiana, lakini watu walikaa kwa amani. Basi kukumbuka mateso ya Bwana ni jambo la zamani sana, kabla hajakuwako Mkatoliki na Mprotestanti wa kubishana.

Kati ya mwaka 381 na 384, mwanamke mmoja msafiri, jina lake Egeria, alikuwa Yerusalemu. Aliandika barua kwa dada zake wa imani, na nakala yake ilionekana tena mwaka 1884 huko Arezzo, Italia. Anaeleza kwamba siku ya Ijumaa asubuhi watu walipita mbele ya kipande cha mti kilichoheshimiwa kama mti wa msalaba. Walipita mmoja mmoja, wakiinama. Kisha, tangu saa sita mpaka saa tisa, wote walisimama uwanjani, wakisomewa manabii, Zaburi na Injili. Anasema hapakuwa na mtu, mkubwa wala mdogo, ambaye hakulia.

Sisi hatubusu mti, wala hatuusujudu. Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, walipita mmoja mmoja. Kanisa zima lilikuwa pale, lakini hakuna aliyepita kwa ajili ya mwenzake. Pili, walilia wazi, ingawa walijua vizuri kwamba Jumapili inakuja.

Kwa nini basi Waprotestanti wengi waliiacha siku hii? Baadhi ya watengenezaji wa kanisa waliogopa siku ambazo Biblia haikuziamuru. Mwaka 1647 bunge la Uingereza lilifuta sikukuu za Noeli, Pasaka na hata Pentekoste. Walitaka kulinda Neno, na katika hilo tunawaheshimu. Lakini Paulo, katika Warumi 14, anatufundisha kwamba anayeiadhimisha siku aiadhimishe kwa Bwana, na asiyeiadhimisha asihukumiwe. Hatumfungi mtu kwa kalenda. Tunasema tu kwamba siku hii ina mafuta yake.

Kwetu mtu akifiwa, tunakwenda matangani. Hatuanzi na mahubiri. Tunaketi chini pamoja naye, tunanyamaza, tunalia. Lakini wapo wanaomharakisha mfiwa akifika kanisani: asifu, acheze, aonyeshe imani! Mama aliyemzika mtoto juma lililopita anaambiwa machozi yake ni upungufu wa imani. Na katika nchi yetu wako wengi waliokimbia vita, hata hawakupata nafasi ya kuwazika watu wao. Hao wataliliaje, na wapi?

Ijumaa Kuu inawajibu. Yesu alimlilia Lazaro, ingawa alijua atamwita atoke. Msalabani aliuliza kwa nini ameachwa, na hata katika kuuliza huko alimwita Baba yake Mungu wake. Kumbe mtu anaweza kulia na kuuliza, na bado akawa ameshika imani. Anayeambiwa aruke Ijumaa ili afike Jumapili ananyimwa msalaba wenyewe. Ufufuo ni wa yule aliyekufa kweli.

Basi Ijumaa hii, tangu saa sita mpaka saa tisa, tufanye mambo matatu. Tusome Marko 15 polepole, hata kama tuko sokoni au shambani na nafasi ni ndogo. Kila mmoja ataje mbele za Mungu, kwa jina, dhambi aliyosamehewa na mtu anayemlilia. Kisha, jioni, twende kuketi na mfiwa mmoja wa jirani, bila kumfundisha kitu.

Jumapili tutaimba na kucheza kwa nguvu zote, na yule mfiwa ataimba pamoja nasi, kwa sababu siku ya Ijumaa hatukumwacha peke yake.

Mungu awabariki.