Moyo wa Mwingereza na Moyo Wetu

Mwingereza akisema amevunjwa moyo, usikimbilie kumtia shime. Huenda mpenzi wake amemwacha. Kwetu kuvunjwa moyo ni jambo la nia: mwalimu mwenye kejeli humvunja moyo mwanafunzi, bei mbaya ya korosho humvunja moyo mkulima. Aliyetendwa na mpenzi, yeye hukatwa maini. Siku hizi nyimbo za mapenzi zimeanza kuutumia moyo uliovunjika kwa maana ya Kizungu, na sioni ubaya, ila maini yana uchungu zaidi.

Moyo wa Kiingereza ukiwa mzito, mwenyewe ana huzuni. Wetu ukiwa mzito, mwenyewe anasitasita. Hofu nayo imegawa viungo: Mwingereza akiogopa moyo humpanda hadi mdomoni, Mswahili hukaa roho mkononi. Roho, neno tulilolipata kwa Waarabu, limebeba mengi ambayo Kiingereza kimeuachia moyo peke yake. Ukatili ni roho mbaya, na mtu asiyekufa upesi ana roho ya paka.

Penye ushujaa ndipo tunapokutana. Neno la Kiingereza la ujasiri, “courage”, lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini la moyo, “cor”. Nasi tunaambiana, “Jipe moyo.” Lakini Mswahili haishii kuupa, huupiga konde. Napenda ukali wa picha hiyo: moyo unapigwa ngumi na mwenyewe ili utulie, na maumivu yanabaki palepale.

Kuhusu akili, Wamisri wa kale walipokausha maiti waliuacha moyo kifuani, ubongo wakautoa na kuutupa. Aristotle naye aliiweka akili moyoni. Sayansi imeshawapinga, ila Mwingereza bado hujifunza shairi “by heart”, nasi bado tunasema mtu analijua kwa moyo.

Hata miongoni mwa ndugu wa Kibantu mambo hayalingani. Mnyarwanda ana umutima, Mganda omutima, na washairi wetu wa zamani walikuwa na mtima. Kwa Mchewa wa Malawi mtima ni moyo, na moyo ni uhai.

Kwenye karata tu ndipo moyo ulipotutoka kabisa. Alama ile nyekundu, ambayo kila mtoto angeiita moyo, wachezaji wa pwani huiita kopa. Jina ni la Wareno, na kwao maana yake ni vikombe.