Nani Alisuka Hiki?

Mwaka 1928 alizaliwa Meru mtoto wa kike ambaye kazi za mikono yake zilikuja kutundikwa New York. Baba yake alitoka Uganda, mama yake alikuwa Mkenya. Aliitwa Rosemary Namuli, na ulimwengu wa sanaa ulimfahamu baadaye kwa jina la ndoa, Rosemary Karuga. Nimefundisha sanaa na kazi za mikono katika shule za msingi za Embu na Meru hadi nilipostaafu, na kila nilipolitaja jina hilo mbele ya walimu wenzangu, wengi walikuwa wakilisikia kwa mara ya kwanza. Ninaandika habari zake hapa pamoja na za mama yangu, aliyesuka vikapu vya kiondo kule Mbeere maisha yake yote. Naamini historia yao ni moja.

Ukitoka mji wa Embu ukapita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu hadi Meru, Mlima Kenya huwa upande wako wa kushoto. Huko juu ni chai na kahawa. Upande wa kulia nchi huteremka hadi Mbeere na Tharaka, kuelekea Mto Tana, ambako mvua ni ya kubahatisha na riziki hutokana na mtama, mbuzi, nyuki na kazi ya mikono. Wakulima Waafrika wa Meru na Embu walipoanza kuruhusiwa kupanda kahawa miaka ya 1930, pesa zilipata njia nyingine ya kuingia nyumbani huko juu. Huku chini kwetu kahawa haikuota, na ususi ulibaki kuwa akiba ya mwanamke.

Hapo zamani nyuzi za kiondo zilitoka kwenye magome ya vichaka vya porini, na huko Tharaka kwenye gome la mbuyu. Mkonge ni mgeni. Asili yake ni Meksiko, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida hadi Tanga. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kutoka kwenye miche hiyo michache mkonge ulienea Afrika Mashariki, ukavuka mpaka, na mwishowe ukawa ua wa mashamba yetu. Wazungu waliulima kwa ajili ya kamba za meli na magunia. Bibi zetu waliutazama wakaona kiondo.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana sokoni. Jani la mkonge hukatwa, hupasuliwa vipande vyembamba, kisha hukwanguliwa juu ya ubao hadi nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Utomvu wake huwasha mikono. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, halafu husokotwa juu ya paja, na paja la msusi wa miaka mingi huota sugu. Kiondo huanzia kitakoni. Nyuzi chache hufungwa katikati zikaachwa zielekee pande zote, na nyuzi mbili za kuzungushia hupishana mbele na nyuma ya kila uzi. Kwa kila mzunguko nyuzi mpya huongezwa, mpaka kitako kitoshe na mwili wa kiondo uanze kupanda. Mama yangu alisuka akitembea kwenda mtoni, akisuka pia akingoja zamu yake zahanati. Rangi zake za kwanza zilitoka kwenye magome na matope meusi. Baadaye alinunua rangi ya dukani, na ilipokosekana alifumua sweta zetu za shule zilizochakaa akapata mistari ya bluu na nyekundu.

Hakutia jina kwenye kiondo hata kimoja, wala hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Kijijini kila mkono ulijulikana. Akiona kiondo mgongoni mwa mwanamke njiani, alitazama jinsi ukingo ulivyofungwa akataja aliyekisuka, na mara nyingi akataja pia ni nani aliyemfundisha msusi huyo. Kwa majirani zetu Wakamba, wafinyanzi walikuwa na alama zao walizochora kwenye chungu kabla hakijachomwa, ili kazi ya mmoja isichanganywe na ya mwingine. Huko Chuka, ambako wapiga ngoma huinama wakiwa wameibana ngoma ndefu kati ya mapaja, watu walijua fundi aliyeichonga na waliwajua waliokuwa wakiipiga. Anayesema kwamba sanaa ya Kiafrika haikuwa na wasanii, ila kabila tu, hajakaa kijijini siku moja.

Majina yalipotea njiani, vitu vilipoanza kusafiri bila wenyewe. Waingereza walijenga kituo chao Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908. Miongoni mwa maafisa waliofuata alikuwepo Granville Orde-Browne, aliyefanya kazi Embu na Chuka, na mwaka 1925 akachapisha kitabu kuhusu watu wa miteremko hii alichokiita The Vanishing Tribes of Kenya. Aliamini anaandika habari za watu wanaotoweka. Hatukutoweka. Lakini fikra ya namna hiyo iliacha alama: ukiamini watu wanakwisha, utakusanya vyombo vyao upesi, na hutakumbuka kuuliza aliyevitengeneza anaitwa nani. Ndiyo sababu katika makumbusho mengi duniani chungu, kibuyu au kiondo cha enzi zile kina karatasi inayosema kabila na mahali, na mtu hayupo. Meru tuna makumbusho yetu, katika jengo la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Nimewapeleka wanafunzi wengi pale, na kila mara niliwapa zoezi moja: chagueni kitu kimoja, mwandike maswali ambayo mngemuuliza aliyekitengeneza kama angekuwa amesimama hapa.

Rosemary alipata mlango ambao mama yangu hakuupata. Mwaka 1950 aliingia Makerere kusomea sanaa, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika chuo kile. Shule hiyo ya sanaa ilianzishwa na Margaret Trowell katika miaka ya 1930. Trowell alikuwa ameishi Machakos kabla ya kuhamia Uganda, na huko ndiko alikoanza kuzipenda kazi za mikono za Wakamba. Aliheshimu ufundi wa vijijini kiasi kwamba mwaka 1953, pamoja na Klaus Wachsmann, alitoa kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda. Katika shule hiyo alikuwepo pia Gregory Maloba, mchongaji Mkenya ambaye baadaye alitengeneza sanamu ya uhuru iliyopo Kampala. Rosemary alihitimu mwaka 1952, akaolewa mwaka uliofuata, akawa mwalimu wa shule.

Oktoba mwaka ule wa 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Familia nyingi za Embu na Meru zilihamishiwa kwenye vijiji vya lazima, na mama yangu, akiwa bado msichana, aliwaona wakubwa wake wakibeba nyumba nzima ndani ya viondo. Baada ya uhuru wanawake walijiunga katika vikundi vya harambee. Walichanga pesa za viondo kwa zamu ili kila mmoja aezeke nyumba yake kwa mabati. Mabati ya nyumba niliyolelewa yalinunuliwa hivyo, na karo yangu ya shule ya upili ilitoka kwenye nyuzi zile zile.

Miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilipata soko kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, na Alan Donovan walifungua African Heritage jijini Nairobi, nyumba ya sanaa iliyouza kazi za Waafrika kwa heshima ya sanaa. Kiondo kikawekwa mkanda wa ngozi, kikaning'inizwa mabegani mwa wanawake wa Ulaya na Marekani. Mawakala walifika hadi sokoni kwetu, wakanunua kwa dazeni. Mama alifurahi kupata pesa, lakini kuna jambo lilimkera: wakala alirundika viondo vya wanawake wote pamoja, kizuri na kibaya kwa bei moja. Mkono uliojulikana ukawa haujulikani tena, na aliyesuka kwa uangalifu hakulipwa kwa uangalifu wake. Halafu vikaja viondo vya kuiga vilivyotengenezwa kwa mashine huko Asia, na bei ikaporomoka. Bidhaa isiyo na jina huigwa kwa urahisi. Nani atalalamika kwa niaba ya mtu asiyetajwa?

Wakati huo huo Rosemary Karuga alikuwa amefundisha na kulea watoto kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuonyesha kazi zake. Alirudi kwenye sanaa katika miaka ya 1980, akiwa mtu mzima anayekaribia miaka sitini. Hakuwa na pesa za rangi. Akachukua karatasi zilizobaki jikoni na bafuni, pakiti za unga na za sabuni ya Rexona, akazikata vipande vidogo sana na kuvibandika kimoja kimoja mpaka vikawa ng'ombe, kuku, ndege, na wanawake wakiwa kazini. Baadaye alitumia kurasa za magazeti yenye rangi. Alifanya kazi yake Paa ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau pamoja na wenzake. Kituo hicho kiliungua mwaka 1997, na hazina kubwa ya kazi za wasanii wetu ikateketea.

Mwaka 1990 jumba la Studio Museum huko Harlem, New York, lilifanya maonyesho ya wasanii wa kisasa wa Afrika. Mmoja wao alikuwa El Anatsui wa Ghana. Mwanamke pekee alikuwa Rosemary Karuga, mzaliwa wa Meru. Alitengeneza pia picha za hadithi ya Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard. Miaka ya mwisho aliishi Ireland, na huko alifariki Februari 2021, akiwa na miaka 92.

Nilipoona picha za kazi zake kwa mara ya kwanza, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa mama. Mmoja alikata pakiti za unga, mwingine alifumua sweta za shule. Wote wawili walichukua kilichokuwa kinatupwa, wakakipanga kipande kwa kipande, wakijua rangi gani ikae karibu na ipi. Sikubali tena kwamba huyu alikuwa msanii na yule alikuwa mama wa viondo. Tofauti niionayo ni kwamba mmoja alikuwa na shule na ukumbi vilivyoandika jina lake ukutani.

Shule zetu zimekuwa zikiyumba katika jambo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi viliingia kwenye mtihani, na watoto wa darasa la nane walitakiwa kuwasilisha kazi za mikono yao. Ulikuwa wakati mzuri kwa wasusi, kwa sababu wazazi wengi walikwenda sokoni kununua kiondo au mwiko ili mtoto apate alama. Mimi niliwaita wanawake wa kijiji waje darasani wafundishe, na watoto waliosokota uzi kwenye mapaja yao wenyewe hawakuhitaji kununua. Miaka ya mwanzo ya 2000 somo likaondolewa kwenye mtihani, na katika shule nyingi likafa. Mtaala wa umilisi umelirudisha. Nafasi ipo tena.

Soko nalo limefufuka. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na watu waliokuwa wamesahau kikapu wakakirudia. Siku hizi vijana wa mjini wanabeba viondo vya mkonge, vya sufu na vya nailoni, na wasusi wachanga wanapiga picha kazi zao kwa simu na kuwauzia wateja wa Nairobi bila kupitia kwa wakala. Hao wanaweka majina yao. Wamegundua wenyewe kwamba jina linaleta mteja wa pili.

Nikienda Ishiara, Siakago au Kiritiri siku ya soko, hubeba daftari. Ninaandika jina la msusi, kijiji chake, aina ya nyuzi, na aliyemfundisha. Kuna siku mwanamke mmoja aliniambia, "Mwalimu, hiki si changu, ni cha mama mkwe. Miguu haimruhusu kuja." Nikamjibu, "Basi, mama, nitajie jina lake, na umwambie limeandikwa." Safari iliyofuata alinieleza kwamba mama mkwe alitaka kujua limeandikwa wapi, na kama wajukuu wanaweza kulisoma.

Wajukuu waweze kulisoma: hilo ndilo ninalolitaka. Kila duka na kila maonyesho ya Embu, Meru na Tharaka-Nithi yaweke jina la msusi, mfinyanzi au mchongaji karibu na bei. Mwalimu wa sanaa wa Meru aanze mwaka na habari za Rosemary Karuga, kisha awaite wasusi wa kata yake darasani na awataje kwa heshima ile ile. Na wewe unayenunua, kabla ya kuuliza bei, uliza nani alikisuka na kilimchukua muda gani. Ukishajua hayo, bei utakayotajiwa utaielewa, na huenda ukaona ni ndogo.